Mwajiri ndiye wa kuthibitisha, Uingereza na Tanzania pia

Sisi tulioko Uingereza tukizungumza kazi na ndugu walioko Tanzania, haichelewi kusikika kauli hii: "Huko kwenu kuna sheria, huku hakuna." Si kweli, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mwajiri akiisikia anastarehe na mfanyakazi anakata tamaa kabla hajauliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inalinda misingi 9, ikiwamo umri, ulemavu, ujauzito, rangi, dini na jinsia. Orodha ya Tanzania ni ndefu zaidi: inataja waziwazi kabila, mahali mtu anakotoka, maoni ya kisiasa, VVU, majukumu ya familia na hali ya maisha. Anayekataliwa kazi London kwa sababu tu anaongea kama watu wa mtaa wa kimaskini hana kifungu cha kusimamia. Tanzania anacho. Na Tanzania ubaguzi huu ni kosa la jinai, wakati Uingereza kwa kawaida ni shauri la madai.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye karatasi. Nchi zote mbili zina kanuni moja ambayo waajiri wengi wa nyumbani hawaijui: mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye aonyeshe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba sababu ya uamuzi wake ilikuwa nyingine. Mwajiri wa Uingereza anaishi akijua ataulizwa, kwa hiyo anaandika. Wa kwetu anakumbuka kwa kichwa, na kumbukumbu ya kichwani ni ushahidi dhaifu.

Chukua fomu ya usaili. Inayosimama mbele ya mwamuzi huandaliwa kabla ya msailiwa wa kwanza kuingia: maswali yaleyale kwa wote, jibu linalotarajiwa limeandikwa, alama 0 hadi 5 kwa kila swali. Kila mjumbe wa jopo anajaza peke yake kwa kalamu ya wino, anatia saini, ndipo wanajadiliana. Alama ikibadilika baada ya mjadala, ya zamani inakatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na sababu inaandikwa pembeni. Kinachoharibu ni maneno kama "hajiamini" au "hataendana na wenzake". Hayo hayamwelezi msailiwa, yanaeleza hisia za aliyeandika, na huyo ndiye wakili wa mlalamikaji atakayemwandama. Andika alichosema: "Aliulizwa hatua za kufunga hesabu za mwezi, akataja 2 kati ya 5."

Swali la "umeolewa, una mpango wa kuzaa lini?" lifutwe kabisa. Mwanamke akikosa kazi baada ya kuulizwa hivyo, dalili ya ubaguzi mmeshamwandikia wenyewe. Vivyo hivyo tangazo la kazi ya mapokezi linalotaka "msichana mwenye mwonekano mzuri, miaka 20 hadi 28". Kifungu cha 7 kinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa, na kinaruhusu kutofautisha waombaji pale sifa inapotokana na asili ya kazi yenyewe. Mapokezi hayana umri. Kuhusu afya, Uingereza mwajiri haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kuuliza kabla hajatoa nafasi. Tanzania, Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima ili apate kazi.

Ubaguzi usio wa moja kwa moja ndio unaowanasa waajiri wenye nia njema. Kikao cha lazima kila Ijumaa saa saba mchana kinawahusu wote kwa usawa, lakini kinamuumiza Mwislamu anayekwenda msikitini. Kisogezwe hadi saa tisa.

Upande wa ulemavu, nina hoja na nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu wenye sifa. Uingereza ilikuwa na kiwango hichohicho, asilimia 3 kwa wenye wafanyakazi 20 au zaidi, chini ya sheria ya mwaka 1944, ikakifuta miaka ya 1990 baada ya waajiri wengi kutokifikia. Badala yake iliweka wajibu wa kurekebisha mazingira ya kazi: kubadili utaratibu, kubadili jengo, au kununua kifaa kama programu ya kusoma skrini, kwa gharama ya mwajiri. Asilimia humfikisha mtu mlangoni tu. Kama ofisi iko ghorofa ya pili bila lifti, hawezi kukaa kazini. Nyumbani tuvishike vyote viwili.

Mfanyakazi wa Tanzania aliyebaguliwa hujaza fomu CMA F1 na kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Mwajiri naye anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na mwamuzi anatakiwa kuuzingatia mpango huo shauri likifika mbele yake. Kama kampuni yako haina, anza kuuandika wiki hii.