Mnawacheka matowashi wa China, na mfalme je?

Ukianzisha stori ya matowashi wa China, yaani wanaume waliohasiwa ili wafanye kazi ikulu kwa mfalme, popote pale, nusu ya watu wanacheka na nusu nyingine wanabana mapaja. Halafu lazima atokee mjuaji mmoja aseme hao ndo waliozamisha falme za China, wala rushwa, wambea, wachonganishi wa ikulu. Kicheko nakivumilia. Hii ya mjuaji ndo inayonikera, maana ukifuatilia nani kaiandika hiyo historia unakuta ni mahasimu wao wenyewe.

Mchukue Sun Yaoting, anayejulikana kama towashi wa mwisho wa ikulu ya China. Amefariki 1996, yaani juzi tu. Alizaliwa 1902 kijijini karibu na Tianjin, familia iko hoi bin taabani, na kwenye eneo lao hilo hilo kulikuwa na towashi mmoja aliyeenda ikulu akatajirika, basi baba akaona njia ya kutoka kwenye umaskini ndo hiyo, akamhasi mwanae mwenyewe, nyumbani, kitandani, kwa wembe, mtoto ana miaka kama 8 na ganzi hakuna. Mtoto akapoteza fahamu siku 3. Miezi michache baadaye zikaja habari kwamba mfalme kaachia kiti, Februari 1912, utawala wa kifalme kwisha habari yake. Fikiria baba anavyopokea taarifa hiyo huku kidonda cha mwanae hata hakijazoeleka. Bahati yao, kama unaweza kuiita bahati, Puyi aliyekuwa mfalme mtoto aliruhusiwa kubaki ndani ya kasri la Beijing na watumishi wake, kwa hiyo Sun akaja kuingia baadaye na akaishia kumhudumia Wanrong, mke wa Puyi.

Sasa niambie hapo wa kuchekwa ni nani.

Sababu ya kuwahasi watu tunaijua wote, mfalme ana wake na masuria kibao na hataki mwanaume mwingine alale ndani ya uzio wake. Ila kulikuwa na hesabu ya pili, na naona ni mbaya zaidi: mtu asiye na mtoto hana wa kumrithisha kiti, kwa hiyo hawezi kutamani ufalme wako. Unamkata mtu kizazi chake ndo unamwamini! Na hesabu yenyewe haikufanya kazi, maana matowashi walikuwa wanawaasili watoto, wanawainua wapwa na kaka zao, wananunua mashamba, maisha yanaendelea.

Mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming, Hongwu, alijua hatari hiyo. Mwaka 1384 akasimamisha bango la chuma kwamba towashi atakayeingilia mambo ya serikali atakatwa kichwa. Hasira zote hizo, lakini hakusema basi tuache kuwakata watu! Halafu mwanae Yongle akampindua mpwa wake mwaka 1402 kwa msaada wa matowashi hao hao, na 1420 akawakabidhi idara ya ujasusi, ile iliyoitwa Kituo cha Mashariki. Ikawa wasomi waliokesha na vitabu mpaka wakafaulu mitihani ya serikali wanajikuta wanapelelezwa na mtoto wa mkulima asiye na cheti. Unadhani wakishika kalamu wataandika nini?

Sikatai, walikuwepo washenzi kweli kweli. Wei Zhongxian kwa mfano, ambaye inasemekana alijihasi mwenyewe kukimbia madeni ya kamari, alitesa maafisa wa Donglin, kundi la wasomi waliokuwa wanampinga, mpaka kufa na watu wakamjengea mahekalu akiwa bado hai, kabla hajajinyonga 1627. Lakini mfalme wake alikuwa wapi muda wote huo? Mfalme Tianqi alikuwa anapenda useremala bwana, yuko na msumeno na randa yake, na ilisimuliwa kwamba Wei alikuwa anasubiri mfalme anogewe na mbao ndo ampelekee mafaili ya serikali, naye anamwambia kamalize mwenyewe. Kwenye simulizi za watu anayebaki kuwa shetani ni Wei peke yake.

Na hao hao ndo wametoa watu kama Cai Lun, anayepewa sifa ya kuboresha utengenezaji wa karatasi mwaka 105 kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Sima Qian yeye alihasiwa kwa adhabu, kisa kamtetea jenerali aliyeshindwa vita, na angeweza kuchagua kufa kiheshima kama wengi walivyotegemea, ila akakubali fedheha ili amalize kitabu chake cha historia, na leo huwezi kuisoma China ya kale bila kupita kwake.

Sisi wa pwani tuna wa kwetu kabisa. Zheng He alikuwa mtoto wa Kiislamu wa Yunnan, jeshi la Ming likamteka na kumhasi akiwa bado mdogo, baadaye akaongoza safari 7 za baharini kati ya 1405 na 1433, na merikebu zake zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga wa Malindi alipelekwa hadi kwa mfalme mwaka 1415, watu kule wakasema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi anayeonekana pale tu mfalme mwema anapotawala. Mwema!

Kuna wanaotetea kwamba enzi zile haikuwezekana kuendesha ikulu bila matowashi. Korea walikuwa nao pia, huko waliruhusiwa hata kuoa na kuasili watoto, mpaka utaratibu ukafutwa 1894. Vietnam walikuwa nao. Lakini Japani, iliyochukua kwa China maandishi, sheria, hata ramani ya kujenga mji mkuu, hili haikulichukua, na wafalme wao wamekaa na wake zao karne na karne. Kwa hiyo iliwezekana, ni kwamba China mfalme hakutaka.

Mwisho wake ndo kituko. 1923 sehemu ya kasri iliungua, Puyi ana miaka 17, akashuku matowashi wamechoma ili kuficha wizi wao, akawafukuza karibu wote. Wengi wakakimbilia kwenye mahekalu waliyokuwa wakiyachangia ili wapate pa kuzeekea. Wachache ikabidi wabakishwe, kwa sababu wajane wa kifalme walilalamika hawana wa kuwahudumia. Na Puyi mwenyewe, alipofungwa gerezani Fushun miaka ya 1950, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, alikuwa hajui kufunga kamba za viatu vyake.