Mpaka wa Kisasa, Kivuli Hakuna

Jamani, hivi aliyechora ramani ya kituo chetu cha mpakani alishawahi kusimama kwenye foleni? Walisema wanakiboresha. Wamekiboresha kweli: vioo mbele, vigae vinavyoteleza, bendera mbili. Na miembe yote chini! Miembe iliyotufunika tangu enzi za babu, sasa zege tupu. Tunajibanza chini ya tela la lori, abiria, utingo na mama wa karanga, kama vifaranga.

Wazo la vituo vya pamoja, kama cha Namanga kilichozinduliwa Desemba 2018, ni zuri mno: unasimama mara moja tu, upande unaoingia, maofisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja. Unagongewa muhuri huku, unasogea hatua tatu, unagongewa kule. Nami huku kwetu nilisimama mara moja kweli. Saa tano nzima! Mtandao uko chini. Umeme ukikatika, jenereta inanguruma. Hili jua linalotuchoma utosi halina kazi nyingine?

Chooni hakuna maji. Juu yako kuna bati kubwa kama uwanja wa mpira, mvua ya juzi yote imemwagika barabarani, pipa la kukingia hata moja! Na malori je? Yanaunguruma usiku kucha bila kwenda popote, moshi wote mapafuni mwetu.

Eti awamu ya pili wataongeza maegesho. Kuna mti mmoja umebaki nyuma ya kantini. Kaagane nao mapema.