Wazungu wa Ngamiani

Ukweni kuna adabu zake: kula ulichowekewa, sifu mchuzi, usibishane na watu wa barazani. Mbili za kwanza nilizimudu.

Tulikuwa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mchana tulitoka kwenye nikahi, mimi nikiwa ndani ya kanzu ya baba mkwe, ya kuazima, nyeupe kama tui. Jioni shemeji yangu akanivuta barazani. Dele la kahawa kwenye jiko la mkaa, kashata kwenye sinia, na katikati kimeza cha mbao ambacho mguu wake mmoja ni mfupi, umetegeshewa sijui makaratasi gani chini. Wazee wanapiga karata.

"Huyu shemeji anafundisha hesabu sekondari," akatangaza. "Karata anaijua kabla haijafunuliwa."

Sikuwahi kusema hivyo. Lakini sikukanusha pia, na hapo ndipo nilipoanza kuumia.

Mzee mmoja hakuinua hata macho. "Ehe, mwalimu. Mimi nachanga, wewe unakata, nafunua mbili za juu. Atakuwemo mzungu au hatakuwemo? Chagua upande wako. Mara kumi. Ukikosa, unawanywesha waliopo. Ukipata, kashata juu yetu."

Wazungu wenyewe si watalii. Mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni ghulamu, wa pili ni bibi, na hizo namba ndizo pointi zao mchezoni. Watatu mara aina nne, kopa, uru, shupaza na pau: wazungu 12.

Nikaomba kalamu. Nikachana boksi la sigara, nikaandika mbele ya umma. Karata 52, zisizo wazungu ni 40. Ya kwanza kutokuwa mzungu, 40 kwa 52. Ya pili, 39 kwa 51. Zidisha, kata huku, kata kule, zile 13 zikaondoka zenyewe, ikabaki 10 kwa 17. Karibu asilimia 59! Hesabu ikitoka safi namna hiyo unajiona umebarikiwa. Nikakunja mikono ya kanzu.

"Hatakuwemo."

"Sawa," akasema mzee, akachanga.

Ya kwanza: tatu ya uru na mzungu wa nne. Vikombe sita. Ya pili: mzungu wa pili na mzungu wa pili, wawili wameongozana kama wanakwenda sokoni. Vikombe sita. Ya tatu nikashinda, nikapewa kashata, nikamweleza shemeji kwamba sasa mambo yanaanza kujisawazisha. Ya nne, mzungu.

Sijui habari zilipitia wapi. Ninachojua ni kwamba "mtaani kuna mjinga anagawa kahawa" ni jambo linalofika mbali haraka. Fundi baiskeli akaacha tairi limening'inia. Vijana wawili wakashuka kwenye bodaboda bila kuzima injini. Kila nikikosa, muuza kahawa anagonganisha vikombe, ka-ka-ka, na benchi linazidi kubana. Kufikia raundi ya kumi walikuwa watu 14, na mimi nimekosa mara saba.

"Vikombe 67," akasema muuza kahawa. Hakuandika popote. "Shilingi 13,400."

Nikashika lile boksi, nikapitia hesabu upya. Hakuna kosa. Bahati mbaya ipo, nafundisha mwenyewe, lakini mara saba? Ndipo nikakumbuka kitu ambacho mtoto wa kidato cha pili angekiona mapema: karata 20 zimepita mbele ya macho yangu, na sijaona 8 hata moja. Wala 9. Wala 10.

"Mzee," nikasema, sauti ya ukweni ikiwa imenitoka kabisa, "hizi karata ziko ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini!"

"Sasa 8, 9 na 10 za kazi gani? Hapa tunacheza wahedu sitini."

Kwetu Songea tulicheza lasti kadi, kasha zima. Nikahesabu upya kichwani, jasho likinitoka: 28 kwa 40, mara 27 kwa 39. Inakuja 63 kwa 130. Asilimia 48 na ushei. Kwa hiyo ule upande niliouchagua mwenyewe, kwa kalamu, ndio uliokuwa mbovu. Mbovu kidogo tu, kwa kweli. Kufikisha mara saba ni mkosi wangu binafsi. Ila hapo sikuwa mtu wa kukiri.

"Mmezificha!"

"Nani afiche?" Mzee akaonyesha kwa kidole cha mguu. "Hizo hapo."

Nikainama. Chini ya ule mguu mfupi wa kimeza kulikuwa na kifurushi cha karata kilichofungwa kwa mpira, kingo zimeota weusi. Nilitaka ushahidi. Nikakivuta.

Nane ya kopa ilikuwa juu. Sikufika ya pili. Kimeza kilikwenda upande kama dau lililopigwa na wimbi, na vikombe vyote vilivyokuwa juu yake vikanifuata chini, vya moto, kuanzia kifuani mwa kanzu ya baba mkwe hadi magotini.

Baraza zima likanyamaza. Shemeji akawa anaangalia minazi.

Muuza kahawa akaokota vikombe kimoja kimoja, akavipangusa, akavipanga kwenye ndoo.

"Vitano," akasema. "Sasa ni 72, mwalimu."