Kabla satelaiti haijaamua msitu ni upi

Wanaanthropolojia, wasomi wanaojifunza jamii kwa kuishi nazo, wanapochunguza miradi ya kaboni ya misitu, yaani ile inayolinda msitu na kuuza hati za hewa ukaa iliyozuiwa, hulaumiwa kuwa wanakaa kijiji kimoja mwaka mzima, kisha wanaukosoa mfumo wa dunia nzima na kuwakimbiza wenye fedha. Lawama hiyo haikosi msingi. Kijiji kimoja si nchi, na msitu unaofyekwa leo hausubiri ripoti. Lakini swali linaloliyumbisha soko la hati hizo, msitu ungepotea kiasi gani bila mradi, ni lile hasa wanalolimudu wao.

Kila hati ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa inayodaiwa kuzuiwa. Ili kuipata, lazima ukadirie msitu ungepotea kwa kasi gani bila mradi. Utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2023 ulipima miradi 26 katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Miradi 18 kati ya hiyo ilitarajiwa kutoa hati milioni 89 kufikia mwaka 2020. Zilizolingana na upungufu halisi wa ukataji ni milioni 5.4 tu, asilimia 6.1. Takriban hati moja katika kila 16! Wenye miradi wamepinga mbinu za ulinganisho huo, na mjadala unaendelea. Hata ukizizidisha hizo milioni 5.4 mara tatu, bado hazifiki hati moja kati ya tano.

Kosa huweza kuingia mapema sana. Mkulima anafyeka, analima misimu miwili mitatu, analipumzisha shamba hadi vichaka virudi, kisha anarudi. Ramani ya satelaiti ikinasa mwaka wa kufyeka tu, huo ni msitu uliotoweka. Upotevu huo ukisogezwa mbele miaka ishirini, makadirio yanavimba, hati zinaongezeka, na mkulima yuleyule anakatazwa kurudi shambani kwake. Mwanaanthropolojia anayekaa naye misimu miwili anajua shamba ni la nani na lililimwa lini.

Mafanikio yapo. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania, Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, wanauza hati za kaboni, na mapato yanalipa walinzi wa msitu, matibabu na masomo ya watoto. Ila mauzo hayo yamesimama juu ya hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja waliyoipata mwaka 2011. Haki ya ardhi kwanza, kaboni baadaye.

Basi kabla makadirio hayajathibitishwa, mradi upite kitongoji kwa kitongoji na kuuliza: shamba hili lililimwa miaka ipi, kuni zinatoka wapi, wachoma mkaa wakizuiwa hapa watahamia msitu upi? Majibu yawekwe juu ya ramani ya satelaiti, na yanapogongana, hati zisitolewe hadi mtu aende kuliona shamba lenyewe.