Bwana Darcy Hajalipa Nauli

Jamani, leo mtu mzima aliyevaa suruali ya kuishia magotini na soksi nyeupe ameniambia mimi, dereva wa teksi mwenye leseni, beji na watoto wanaokula, kwamba muungwana wa hadhi yake hatembei na fedha mfukoni. Kaniambia hivyo akiwa amekaa ndani ya gari yangu. Mita inasoma. Mvua inanyesha. Na bei ya mafuta mnaijua, tusitiane uchungu.

Mnaoishi Uingereza lakini si Bath, nyie shukuruni. Hapa kwetu ikifika Septemba, kwa siku kumi hivi, mji unarudi nyuma miaka mia mbili. Ni tamasha la Jane Austen, lipo tangu 2001. Watu wanatoka Marekani, wanatoka Australia, wanashuka stesheni na masanduku, wanaingia hotelini wakiwa binadamu wa kawaida, wanatoka wamevaa magauni ya kufungwa chini ya kifua, kofia za utepe na glovu za kufika kwenye viwiko. Wanaume ndiyo usiseme. Kofia ndefu nyeusi, koti la mkia, na kitambaa kimezungushwa shingoni mpaka mtu hawezi kuangalia kiatu chake.

Kwa tuliolala kipindi cha fasihi: huyu Jane alizaliwa 1775, binti wa mchungaji wa kijijini, akaandika riwaya sita, na zote ukizikamua ni habari za posa. Ile inayowatoa watu kwao, Pride and Prejudice ya mwaka 1813, iko hivi. Baba ana mabinti watano, hana wa kiume. Akifa, nyumba na shamba vinakwenda kwa jamaa yake mwanamume. Mama mtu hapati usingizi. Anatokea Bwana Darcy, kipato pauni elfu kumi kwa mwaka, amenuna. Shangazi yangu wa Ngamiani, kule Tanga, hajawahi kukishika kitabu hicho, lakini msomee sura mbili, zilizobaki atakumalizia mwenyewe, na atakuonyesha mshenga angetakiwa kuingilia wapi.

Na hiyo enzi wanayoivalia ni enzi ya kaimu. Mfalme George wa Tatu aliugua akili, mwanawe akakaimishwa mwaka 1811, akakaimu mpaka mzee alipofariki 1820. Miaka tisa mtu anakaimu! Tuliopitia ofisi za serikali hatushangai.

Basi mimi sina ugomvi na mtu kuvaa anachotaka. Kinachonikera ni kimoja. Mwaka 2014 walijihesabu, wakafika 550 waliovaa hivyo kwa pamoja, ikawa rekodi ya dunia. Mimi kila mwaka nawatazama kutoka kwenye usukani, na sijawahi kumwona aliyekuja kama dobi. Sijaona mpishi. Sijaona wa kumwaga vyungu vya usiku, na vyoo vya kuvuta enzi hizo vilikuwa vya wachache sana. Wote ni mabwana na mabibi, wote wana shamba mahali. Sasa nani alikuwa anawasha moto?

Juzi dukani nilisimama foleni nyuma ya bibi mmoja wa kofia ya manyoya anayegombana na mashine ya kujilipia, huku akiipepea kwa upepeo. Jana kituoni nimemwona afisa wa jeshi, koti jekundu, vifungo vya dhahabu, anavuta sigara ya umeme yenye harufu ya embe. Hao nawasamehe.

Wa leo simsamehi.

Walikuwa wanne, pale stesheni. Mabinti wawili, mama mmoja mtu mzima mwenye upepeo, na bwana wa kofia. Mabinti wakaingia, mama akaingia, bwana akagoma. Yaani kofia ndiyo iligoma. Nikamwambia, "Bwana, ivue tu, uipakate." Akaniambia haivuliki, imebanwa kwa pini kwenye nywele za bandia, na nywele za bandia zimebanwa kwa kitu ambacho hakutaka kukitaja. Akajaribu kuingia kwa ubavu. Akajaribu kinyumenyume, akatanguliza makalio, abiria wote wa treni ya kutoka London wakatoka nje na kuyaona. Mwishowe alikaa mbele na mimi, kiti kimelazwa kama cha daktari wa meno, anaangalia dari.

Nikamwuliza, "Mnakwenda wapi?"

Akasema, "Kabla ya hapo, una farasi wangapi?"

Nikajua leo ni leo. Nikamwambia, "Zaidi ya mia, wote wako chini ya boneti."

"Wamelishwa?"

"Wamelishwa, na kwa mkopo."

Akafurahi sana. Akageuka kwa shida kuwaambia wale wa nyuma kwamba wamempata mwendesha farasi mwenye maneno. Kuanzia hapo sikuwa dereva tena. Nikawa mtumishi wa hilo gari la farasi, bila kuomba, bila nyongeza.

Tukafika Queen Square, gari zimesimama. Kumbe ndiyo siku ya matembezi, wanapita barabarani kwa mamia, mpiga mbiu mbele, ngoma, askari wa koti jekundu, mabibi wameshikana mikono. Hakuna kwenda, hakuna kurudi. Mita inasoma. Yule mama mwenye upepeo akaona hiyo ndiyo nafasi ya kunipa elimu. Akaninyooshea kidole kule juu, Gay Street, akasema nyumba namba 25, Jane aliishi pale.

Nikamwuliza kwa adabu, "Mama, ilikuwa yao?"

Akasema hapana, walipanga.

Hapo ndipo nikaanza kusikiliza. Maana kumbe familia ile ilihamia hapa mwaka 1801, baba amestaafu uchungaji. Walianza vizuri, Sydney Place, nyumba mpya, bustani mbele. Mkataba ukaisha, wakahamia Green Park Buildings, kwenye unyevu. Baba akafariki huko Januari 1805. Mama na mabinti wawili wakabaki na kipato cha kuungaunga, kaka zao wanachanga. Wakaenda Gay Street. Halafu wakaishia Trim Street. Na Trim Street, anasema yule mama, ndiyo mtaa ambao mama yake Jane alikuwa ameapa tangu mwanzo kwamba atafanya kila awezalo asiukanyage!

Ndugu zangu, machozi yalinilenga. Mpangaji mwenzetu! Yule dada aliuhama mji huu 1806, na miaka miwili baadaye bado anamwandikia dada yake jinsi alivyojisikia kuponyoka. Mimi mwenyewe nimeshahama... hapana, tuache. Wenye nyumba wa mji huu mnawajua, na dalali akishasema "soko limepanda" hakuna cha kujibu. Lakini niambieni, inakuwaje mtu aliyeteseka na kodi ya pango hapa hapa, leo watu wanalipa usiku mmoja wa hoteli pesa ambazo ningelipia kodi ya wiki, ili wavae kama yeye? Tena hawavai kama yeye wa Trim Street. Wanavaa kama matajiri aliokuwa akiwacheka!

Nikataka kumwambia mama maneno hayo kwa Kiingereza kizuri. Nilipogeuka, mlango wa nyuma uko wazi. Mabinti hawapo. Mama anamalizikia kushuka. Upande wangu, kiti kimelala, hakina mtu. Wameona matembezi yanapita, wakaamua kujiunga.

Na nauli?

Bwana aliinama dirishani, ndipo aliponipa yale maneno ya muungwana hatembei na fedha. Kipochi cha binti nikakiona: upepeo wa akiba, kitambaa, kadi ya kuandika utakayecheza naye dansi. Simu ziko hotelini, eti si za enzi ile. Akanipa jina lake nimwandikie deni. Jina lenyewe: "Darcy." Akaingia kwenye umati.

Nikashuka. Nilijitahidi kutembea kwa hadhi, kwa hatua kumi hivi. Baada ya hapo nilikimbia. Sasa mtafute mtu wa kofia ndefu nyeusi na koti la mkia katikati ya mamia ya kofia ndefu nyeusi na makoti ya mkia, yote yamekupa mgongo. Nikapaza sauti, "Bwana Darcy! Bwana Darcy, nauli!"

Wakageuka kama arobaini.

Kila mmoja akainama kunisalimu. Mmoja akanipa mkono nimbusu, sijui alinichanganya na nani. Watalii wakaanza kupiga makofi, wakatoa simu, wakadhani nimo kwenye ratiba, mtumishi mwaminifu anamtafuta bwana wake. Mtoto akauliza mbona huyu hajavaa, mama yake akamwambia huyu ni maskini wa kwenye hadithi. Mimi! Na koti langu nililonunua kwa bei kamili!

Kofia niliyoitafuta nikaiona mwishowe kwa sababu iliinama upande. Nikamshika koti. Nikamwambia bila ustaarabu wowote, kwa Kiswahili cha Tanga ya nyuma ya soko, alichostahili kusikia. Mabinti wakasema "Ooh." Yule mama mwenye upepeo akachomoa noti ya pauni kumi kutoka mahali nisipopataja, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mahari. Jane yuko juu yake, ndiyo, wamemweka tangu 2017, miaka mia mbili kamili baada ya kufa. Akaniambia, "Uso huu una thamani kuliko nauli."

Nauli ilikuwa kumi na saba. Nikamwambia, "Mama, pale kwenye pampu hawapokei uso."

Akanijibu kwamba hata Jane mwenyewe aliomba pauni 150 kwa Pride and Prejudice, mchapishaji akampa 110, akapokea. Kwa hiyo na mimi nipokee! Yaani dhuluma ya mwaka 1812 imekuwa hoja ya kunipunja mimi leo.

Narudi kwenye gari, nimkute nani? Mtu wa kuandika faini za maegesho. Katika mji mzima, yeye peke yake alikuwa amevaa nguo za karne hii.

Jioni Mama ananipigia kutoka Tanga. Video imefika kabla yangu, mpwa wangu kaionyesha ukumbi mzima. "Mwanangu, umeacha teksi? Umeanza maigizo?" Nikasema, "Shikamoo Mama, hapana." Akasema marahaba, basi kama maigizo yanalipa usinifiche, maana binamu yako Salma anaolewa Desemba na kamati imekupangia kiwango cha watu wa Ulaya.

Kiwango cha watu wa Ulaya! Kuna anayejua hicho kiwango kilikaa kikao gani? Wameniweka kwenye kundi la WhatsApp bila kuniuliza, mweka hazina ni yule yule wa harusi iliyopita ambaye pilau liliisha wageni wa meza ya pili hawajanawa. Wana ukumbi wenye kiyoyozi, wana mshereheshaji kutoka Dar, wana keki ya ngazi sita, na kila asubuhi wananitumia orodha ya waliotoa na wasiotoa, jina langu chini, limekolezwa wino. Nimewajibu kwamba nitatuma mwisho wa mwezi. Hawajauliza mwezi gani, na mimi sijawaambia.