Simu Iliyompigia Mama Mkwe

Shemeji yangu alikuja kututembelea Kisumu, akarudi Bungoma na chaja yangu. Sina haja ya kueleza zaidi. Chaja ikishavuka mto Nzoia hairudi. Aliniachia yake, yenye ile pini nyembamba ya zamani, na simu yangu inataka Taipu-C.

Nikashuka mjini. Katika duka moja Oginga Odinga Street, muuzaji akaniuliza simu yangu inachukua wati ngapi. Nikamwambia nimekuja kununua chaja, sijaja kufanya mtihani. Akataja 1,800. Nikamuaga kwa heshima. Hapo nje kwenye veranda, mchuuzi alikuwa ametandaza zake juu ya gunia, bei 250, na kwenye tumbo la kila moja pameandikwa 65W kwa rangi ya dhahabu.

"Mkubwa, hii ni moto! Unachomeka simu, unageuka kupakua ugali, imejaa."

Tukavutana mpaka 200. Anayetaka kunicheka aangalie kwanza bei ya unga.

Nyumbani Migosi nikaona ina miguu miwili ya mviringo, ilhali soketi zetu ni za matundu matatu. Hilo halijawahi kumshinda Mkenya. Unaingiza kifuniko cha biro tundu la juu, vile vilango vya chini vinafunguka, unasukuma chaja, unachomoa biro. Usifanye hivyo mbele ya watoto.

Wiki hiyo ukweni walikuwa na msiba. Babu ya mke wangu alikuwa amefariki, kamati ya mazishi ikafungua kundi la WhatsApp, na mweka hazina alikuwa mama mkwe mwenyewe. Nilipanda kitandani nikiisoma orodha ya michango, simu ikiwa kwenye chaji, waya umepita juu ya mto. Joto la Kisumu mnalijua, kwa hiyo shati lilikuwa kwenye msumari. Usingizi ukanichukua orodha ikiwa bado wazi.

Saa saba usiku mke wangu akanipiga kiwiko. "Baba watoto, unamwandikia nani?"

Nilikuwa simwandikii mtu. Simu ilikuwa inajiandikia. Herufi zilikuwa zikimiminika zenyewe, kurasa zikifunguka na kufungwa, na chini ya ujumbe wa mama mkwe kuhusu bei ya jeneza, namba yangu ilikuwa imeshatuma nyuso za kucheka mpaka machozi, safu nzima, kisha yule mtoto wa katuni anayekata viuno. Nikabonyeza kufuta. Simu ikakataa kidole changu kabisa, ikaendelea na shughuli zake.

"Ni majini ya ziwani hayo!" Mke wangu akaanza kukemea. "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!"

Jini halikushindwa. Lilipiga simu ya video.

Kwetu Waluhya, kwa jadi, mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Sasa mama mkwe akatokea kwenye skrini, kilemba kimeenda upande, taa ya kibatari nyuma yake, na mimi huku nimemwinamia kifua wazi, natoka jasho.

"Mkwe? Kuna nini? Nani tena amekufa?"

Kitufe chekundu nilikipiga vibaya sana. Hakikusikia. Nilipotaka kuigeuza simu ifudifudi, ikabadilisha kamera yenyewe, akaonyeshwa chumba kizima, pamoja na binti yake aliyesimama juu ya kitanda akikemea pepo. "Nyasaye wangu!" mama mkwe akasema.

Hapo stima ikapotea mtaa mzima. Na simu, papo hapo, ikatulia tuli, ikapokea kidole changu, ikakata. Sijawahi kuishukuru giza la Kisumu kama usiku ule. Stima iliporudi, simu ikawaka na kuanza kutafuta tena jina la mama mkwe. Nikang'oa chaja ukutani na kuitupa uani.

Asubuhi niliiokota nikampelekea fundi wa Kondele. Hakushangaa. Aliipima chaja mkononi kwanza. "Nyepesi. Ndani hamna kitu." Akanionyesha maandishi madogo yaliyojificha kando ya miguu: 5V, 1A. "Zidisha."

"Tano."

"Hizo ndizo wati zako."

"Na zile nyingine sitini?"

"Hizo ni za rangi ya dhahabu."

Akaipasua kwa bisibisi. Akasema skrini huhisi mabadiliko madogo sana ya umeme kidole kinapoigusa. Chaja ya maana huuchuja umeme wa ukutani mpaka utulie. Hii ilikuwa imeacha vurugu yote ipite, simu ikadhani inaguswa kila mahali kwa pamoja. Nikauliza kama wati 65 za kweli zingeiunguza simu yangu ya wati 18. Akacheka. Simu ndiyo inayoomba, chaja hutoa kiasi kinachoombwa tu. Kilichonipasa kuogopa, alisema, ni kulala na waya ule shingoni, kwa sababu ndani hamkuwa na kizuizi cha kuaminika kati ya volti 240 na shingo yenyewe.

Maelezo hayo niliyapeleka ukweni, tena kwa sauti ya kitaalamu. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho, wakauliza kama mbuzi nitamleta mwenyewe au nitatuma pesa. Kwenye orodha ya kamati nikasoma: "Mkwe wa Kisumu, mbuzi 1, faini ya kifua."

Siku ya mazishi mama mkwe alikaa upande ule mwingine wa hema, kama inavyotakiwa. Baada ya chakula akamtuma mtoto aniletee kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na fulana mbili nyeupe, mpya, za kulalia. Nilipozijaribu nyumbani zilinikaa sawasawa, kifuani na mabegani, na mke wangu anaapa hajawahi kumtajia mtu saizi yangu.