Kwa h-indeksi, Peter Mitchell angepita?

Kila mjadala wa nani mtafiti mkali unaishia sehemu ileile, mtu anafungua Google Scholar anasoma h-indeksi, namba ya kuonyesha pepa za mtafiti zimenukuliwa kiasi gani na wenzake, mwenye 60 kamshinda mwenye 12, basi. Mi naona hesabu hii inawaonea watafiti wa aina moja, wale wa pepa chache ila nzito, na kwa baiofizikia sijui mfano mzuri kumzidi Peter Mitchell, Mwingereza aliyefanya kazi pale fizikia na kemia ya seli zinapokutana.

Mwaka 1961 alitoa pepa kwenye jarida la Nature, nadharia tupu bila majaribio yake mwenyewe. Wakubwa wa fani, akina Slater wa Amsterdam, walikuwa wanasaka kemikali fulani ya katikati inayobeba nguvu mpaka ATP, molekuli inayozipa seli nguvu, inaundwa, na hawaipati. Mitchell akasema hiyo kemikali haipo, kinachofanyika ni kwamba chakula kikiunguzwa protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando wa mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, zinajazana huko, na zikirudi kupitia kimeng'enya ndo ATP inatengenezwa. Leo mwanafunzi wa baiolojia kidato cha sita anaisoma kama kitu cha kawaida. Wakati ule wengi hawakuitilia maanani na waliobaki waliipinga.

Alafu 1963 akaacha kazi chuo kikuu cha Edinburgh kwa sababu ya vidonda vya tumbo, akaenda Cornwall kukarabati nyumba kubwa ya zamani inaitwa Glynn House, akaifanya maabara yeye na Jennifer Moyle ambaye walifanya kazi pamoja tangu Cambridge. Mwaka 1966 akaandika nadharia yote kwa kirefu na akaichapisha mwenyewe hapohapo Glynn, kitabu chenye jalada la kijivu, na 1968 akatoa kingine. Watu wa fani wakavisoma na kubishana navyo miaka. Sasa chukua kitabu kile ukiweke kwenye fomu ya kuomba kupandishwa cheo leo, hakijapitiwa na wahakiki, kimechapishwa na mwandishi mwenyewe, kamati inakipa sifuri na inaendelea na faili linalofuata.

Na hiyo h yenyewe watu wengi hawajaikalia chini kuielewa. Aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na maana yake ni kwamba ukiwa na h ya 20 una pepa 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kwahiyo mtu mwenye pepa tatu tu, kila moja imenukuliwa mara elfu kumi, h yake ni 3 na haitavuka 3 mpaka anakufa, huku mwenye pepa 30 za kawaida zilizonukuliwa mara 30 kila moja ana 30, mara kumi zaidi. Hata jumla ya nukuu haikuokoi: pepa iliyonukuliwa kuliko zote duniani ni ya Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu namna ya kupima protini, imepita nukuu 300,000, wakati pepa ya Watson na Crick ya umbo la DNA haikuingia hata kwenye mia bora Nature walipohesabu mwaka 2014. Njia ya maabara inanukuliwa na kila anayeitumia. Wazo kubwa likishaingia kwenye vitabu vya shule hakuna anayelinukuu tena.

Lakini wanaotetea namba wana hoja nzito na sitaki kuipita juujuu. Mitchell alitoka familia yenye pesa, bila hizo hakuna Glynn, na mtafiti kijana asiye na mali wala mtu wa kumshika mkono ana nini cha kuonyesha zaidi ya rekodi yake? Kwenye vyuo vyetu huku pia, namba zikiondolewa kinachobaki mara nyingi ni nani anamjua nani. Na kuna jambo la Moyle: Nobel ya 1978 alipewa Mitchell peke yake, ila kwenye pepa za majaribio za 1965 na 1967 jina la Moyle lipo pale, na kila anayezinukuu anamnukuu na yeye. Hapo rekodi ya nukuu imetenda haki kuliko tuzo.

Hata hivyo angalia muda. Ushahidi uliowatikisa wapinzani ulianza kuja 1966, Jagendorf na Uribe walipopata ATP gizani kwenye kloroplasti, sehemu za kijani za seli za mmea, kwa kubadilisha asidi tu, yaani wingi wa protoni, na jaribio la Racker na Stoeckenius, la kutengeneza ATP kwa protoni zilizosukumwa na mwanga, likaja 1974. Ukimpima Mitchell kwa namba mwaka 1964 unaona mgonjwa aliyeacha chuo, mwenye nadharia isiyo na data.

Azimio la San Francisco la 2012, tamko kuhusu namna ya kupima utafiti, linataka kazi ipimwe kwa kilichomo, na mi ningependa kamati zimuombe mtafiti achague kazi zake tatu, zisomwe kwanza ndo namba zifuate. Kwa Mitchell ningechukua ile ya 1961, ya 1965 na Moyle, na kitabu cha kijivu. Mjuzi wa fani akikaa nazo wiki nzima anaweza bado kukataa yote kama Slater alivyokataa miaka mingi, ila atakuwa anajua anakataa nini.